Mhadhara juu ya Kuona na Kutambua



Katika kazi zote azifanyazo mwanadamu tangu aamkapo alfajiri hata alalapo usiku, hapana aifanyayo mara nyingi zaidi, wala kwa wepesi zaidi, kuliko kutambua. Afungua mlango, amwona mtu amesimama barazani, na kabla hajavuta pumzi ya pili amekwisha kujua kwamba huyu ni shemeji yake, kwamba alichoshika mkononi ni kapu la ukili, na kwamba nyuma yake ni ule uchochoro uendao msikitini. Wajihi, kitu na mahali vimemjia kwa pamoja kana kwamba ni jambo moja, naye hadhani kwamba amefanya kazi yoyote. Ninalokusudia kulithibitisha mbele yenu ni kwamba kazi hiyo si moja bali ni nyingi, na kila moja ina makao yake katika ubongo, na kwamba kumtambua mtu tumjuaye na kumtambua mgeni tuliyemwona mara moja ni mambo mawili yasiyolingana hata kidogo, ingawa macho ni yale yale, na kwamba tofauti hiyo, ikieleweka sawasawa, ina uzito mkubwa pale uhuru wa mtu unapotegemea kauli ya shahidi asemaye, "Ni yeye, nilimwona."

Dhana iliyokuwapo zamani, ambayo hata leo wengi wetu twaishika bila kuichunguza, ni kwamba jicho ndilo lionalo, na ubongo hupokea tu habari zilizokwisha kamilika. Lau ingekuwa hivyo, kila mwenye macho mazima angekitambua kila akionacho. Lakini mnamo miaka ya 1870 na 1880 mwanazuoni wa Berlin, Hermann Munk, aliwaondolea mbwa sehemu ya ubongo iliyo upande wa kisogo, akawaacha wapone, na alichokishuhudia baadaye kiliivunja dhana hiyo. Mbwa wale walitembea wakiviepa vizuizi bila kujigonga, maana yake walikuwa wakiona; lakini chakula kilipowekwa mbele yao hawakukijua mpaka pua ilipokinusa, na kiboko walichokuwa wakikiogopa hapo awali hakikuwashtua tena. Munk aliiita hali hiyo upofu wa nafsi. Mwaka 1890 Heinrich Lissauer, daktari kijana wa mji wa Breslau, alieleza habari za mzee mmoja aliyepatwa na jambo la namna hiyo, ambaye aliweza kunakili mchoro wa kitu na asijue alichokinakili ni nini. Lissauer akapambanua njia mbili za kupotewa: ya kwanza ni kushindwa kuiunganisha mistari ikawa umbo, na ya pili ni kuliona umbo zima na kushindwa kulipa maana. Mgawanyo huo ungali unatumiwa na madaktari hata sasa.

Kwa upande wa nyuso, habari iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya Joachim Bodamer, tabibu wa Kijerumani, ambaye mwaka 1947 alichapisha maelezo ya wagonjwa watatu na kuupa ugonjwa wao jina la prosopagnosia. Mmoja wao alikuwa askari kijana aliyejeruhiwa kichwani vitani. Mtu huyu aliyaona macho, aliiona pua, aliuona mdomo, na ukimwuliza kipi kiko wapi alijibu sawasawa. Lakini nyuso zote kwake zilikuwa bapa na nyeupe, zenye macho meusi yaliyokoza, kama sahani nyeupe za mviringo wa yai, na hii haikuwa na tofauti na ile. Alijitazama kiooni asijijue. Wagonjwa wa namna hii humjua mtu kwa sauti yake, kwa mwendo wake, kwa miwani au kilemba chake, na avuapo kilemba huwa amewapotea. Wala si majeraha peke yake yaletayo hali hii, maana imedhihirika katika miaka ya karibuni kwamba wako watu waliozaliwa nayo, wazima wa akili na wa macho, na wengi wao hufika utu uzima bila kujua kwamba wenzao wana uwezo wasiokuwa nao. Mtoto wa namna hiyo, akimpita mwalimu wake sokoni bila kumwamkia, huhesabiwa kuwa hana adabu. Na mimi nasema kwamba ni dhulma kumhukumu mtoto kwa jambo ambalo ubongo wake haukujaaliwa.

Sasa na tuifuate nuru ilivyo safari yake. Kutoka katika kila jicho hutoka mshipa wa fahamu wenye nyuzi zipatazo milioni moja, na baada ya kupita kituo kilicho katikati ya kichwa habari zake hufika kwenye gamba la ubongo lililo kisogoni. Kitokeacho huko kilianza kufahamika mwaka 1958, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, ambako David Hubel na Torsten Wiesel walikuwa wakisikiliza kwa elektrodi mlio wa seli moja moja za ubongo wa paka, huku wakimwonyesha vitone vya nuru na vya giza vilivyotiwa katika vipande vya kioo. Walijaribu kwa muda mrefu, na seli iliyokuwa chini ya elektrodi haikujali kitone cheupe wala cheusi. Kisha, walipokuwa wakikichomeka kipande cha kioo katika chombo cha kuangazia, seli ikalipuka kwa mlio wa mfululizo. Haikuwa imekijali kitone; ilikuwa imeuona ukingo wa kioo chenyewe, ambao kivuli chake kilikuwa mstari hafifu uliopita katika mlalo fulani. Ukigeuza mlalo, seli hunyamaza, na jirani yake huitikia. Basi ikajulikana kwamba ubongo hauanzi na picha: huanza na mistari na kingo, kila seli ikingoja mlalo wake, na kutokana na hizo hujenga kilicho kikubwa zaidi. Kwa kazi hiyo, na nyingine zilizofuata, mabwana hao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Kutoka kisogoni habari hugawanyika njia mbili kubwa. Moja hupanda juu kuelekea utosini, nayo huuongoza mkono na mguu. Nyingine hushuka chini na kwenda mbele, nyuma ya masikio, nayo ndiyo ijuayo kitu ni kitu gani. Kwamba njia hizo ni mbili kweli, si maneno ya vitabuni tu, tulifunzwa na mwanamke mmoja aliyedhuriwa na hewa ya sumu ya kaboni, ambaye habari zake ziliandikwa mwaka 1991 na Melvyn Goodale na David Milner pamoja na wenzao. Aliwekewa mbele yake ubao wenye upenyo mwembamba, akaulizwa upenyo umesimama au umelala, naye hakuweza kusema. Akapewa kadi na kuambiwa aitie ndani, na mkono wake ukaigeuza kadi njiani kwa mlalo uliohitajika, ikaingia. Mkono ulijua ambalo mwenye mkono hakulijua.

Katika ile njia ya chini ndimo yalimopatikana mambo ya ajabu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Charles Gross na wenzake walikuwa wakisikiliza seli za tumbili katika sehemu hiyo, na ilikuwapo seli moja iliyokataa kuamshwa na nuru ya namna yoyote waliyoijaribu. Mmoja wao akapunga mkono mbele ya kiwambo, na seli ikaitika kwa nguvu. Wakatumia saa 12 zilizofuata wakikata maumbo ya karatasi na kuyapitisha mbele ya mnyama, na wakaona kwamba kadiri umbo lilivyokaribia kufanana na mkono wa tumbili ndivyo seli ilivyozidi kulia. Kisha wakapata nyingine zilizoitikia nyuso. Wanazuoni wengi hawakukubali upesi, kwa kuwa jambo lilikuwa kubwa mno, na miaka mingi ilipita kabla halijapokewa. Illa mwaka 2006, Doris Tsao na Winrich Freiwald walipoipeleka elektrodi moja kwa moja kwenye kiraka kidogo cha ubongo wa tumbili ambacho mashine ya sumaku ilikwisha kuonyesha kwamba huwaka mnyama atazamapo nyuso, walikuta kwamba seli 97 katika kila 100 zilizopimwa humo zilikuwa za nyuso. Hapakuwa tena na nafasi ya shaka.

Kwa mwanadamu, Nancy Kanwisher na wenzake wawili walikuwa wamekwisha kuionyesha sehemu iliyo mfano wa hiyo mwaka 1997. Waliwalaza watu ndani ya mashine ya sumaku ipimayo mwendo wa damu katika ubongo, wakawaonyesha nyuso na vitu, na katika watu 12 kati ya 15 wakapata mahali upande wa chini wa ubongo, aghalabu wa kuume, palipoitikia nyuso kuliko vitu vingine. Mwaka uliofuata Kanwisher na Russell Epstein wakaonyesha mahali pengine, si mbali na hapo, paitikiapo mandhari. Na hapa pana nukta nipendayo mwisikilize vizuri. Chumba chenye samani kiliiamsha sehemu hiyo. Chumba kitupu, kisicho na chochote ila kuta na sakafu, kiliiamsha vilevile. Lakini samani zenyewe, zikionyeshwa peke yake bila chumba, hazikuiamsha kwa kadiri hiyo. Maana yake ni kwamba ubongo, katika kupajua mahali ulipo, hauanzi kwa kuhesabu vilivyomo. Huanza na umbo la nafasi, kuta zilivyokaa na njia ilivyofunguka. Na haraka yake ni kubwa: mwaka 1996, huko Toulouse nchini Ufaransa, Simon Thorpe na wenzake waliwaonyesha watu picha za mandhari ambazo hawakupata kuziona, kila moja kwa milisekunde 20 tu, wakawauliza kama mna mnyama ndani yake, na mawimbi ya umeme ya ubongo yakaonyesha kwamba jibu limekwisha kupatikana ndani ya milisekunde 150, yaani chini ya sudusi ya sekunde.

Isije ikadhaniwa, hata hivyo, kwamba ubongo umegawanywa vyumba vilivyofungwa, hiki cha nyuso na kile cha viatu. Mwaka 2001 James Haxby na wenzake waliwaonyesha watu nyuso, nyumba, paka, chupa, mikasi, viatu na viti, wakaona kwamba hata ukiiondoa katika hesabu ile sehemu iitikiayo zaidi, mpangilio wa mwitikio hafifu uliobaki kwingineko ungali watosha kukuambia mtu alikuwa akitazama kitu gani. Wala seli ya wajihi haina jina la mtu lililoandikwa juu yake. Tsao, pamoja na Le Chang, alionyesha mwaka 2017 kwamba kila seli hupima jambo moja tu katika mambo mengi ya umbo na rangi ya wajihi. Na kwa kusoma mlio wa seli zipatazo 205 tu waliweza kuuchora upya wajihi ambao tumbili aliutazama, ukashabihiana na wenyewe hata mtu akashindwa kuupambanua. Basi wajihi katika ubongo ni jumla ya vipimo, na mtu hujulikana kwa pale avukapo mipaka ya kadiri ya watu wote.

Ikiwa mwataka kujionea wenyewe kwamba vipimo hivyo hutwaliwa kwa pamoja, si kipande kipande, chukueni picha ya mtu mumjuaye, mwigeuze kichwa chini miguu juu. Robert Yin alithibitisha mwaka 1969 kwamba mgeuzo huo hutudhuru katika kutambua nyuso kuliko utudhuruvyo katika kutambua majumba au vitu vingine. Naye Peter Thompson mwaka 1980 aliichukua picha ya Margaret Thatcher, akayakata macho na mdomo na kuyabandika juu chini, kisha akaigeuza picha nzima: watazamaji wakauona wajihi wa kawaida tu, na picha ilipogeuzwa kuwa wima wakashtuka kwa ubaya wake. Vipande vilikuwa machoni pao muda wote. Uwiano ndio uliokuwa haupimiki.

Hapa ndipo palipozuka mjadala ambao mimi nauona kuwa ndio kiini cha suala hili. Je, sehemu ile ni ya nyuso kwa asili yake, au ni ya ustadi wowote wa kupambanua mmoja na mwingine katika jamii ya vitu vinavyofanana, na nyuso zimeitawala kwa sababu tu kila mtu ni stadi wa nyuso? Isabel Gauthier na wenzake walishika kauli ya pili, na mwaka 2000 wakaeleza kwamba wataalamu wa ndege na wa magari waliitumia sehemu hiyo walipoonyeshwa vitu vya utaalamu wao kuliko walivyoitumia kwa vingine. Hoja hiyo ina nguvu, na katika maandishi ya matabibu yamo mambo yaliyoiunga mkono kabla haijatamkwa. Bornstein alieleza mwaka 1963 habari za mpenzi wa ndege ambaye, pamoja na kupotewa na nyuso za watu, alipotewa na ndege aliokuwa akiwapambanua. Na mwaka 1969 yeye na wenzake wakaeleza habari za mkulima aliyepoteza nyuso za watu, na pamoja nazo akapoteza nyuso za ng'ombe wake. Nani katika nchi zetu asiyeelewa uzito wa msiba huo? Mfugaji wa Kimaasai hahitaji kuhesabu ili ajue kwamba kundi halikutimia; hulitazama tu, akajua ni ng'ombe gani asiyekuwapo, kwa pembe zake, kwa mabaka yake na kwa wajihi wake. Ujuzi huo tunaouona kuwa ni wa mazoea una makao katika nyama ya ubongo, na waweza kuondoka kwa siku moja.

Lakini ushahidi haukukubali kulala upande mmoja. Mwaka 1984 Assal na wenzake, huko Uswisi, walieleza habari za mkulima aliyepatwa na yote mawili, kisha nyuso za watu zikamrudia na ng'ombe wasimrudie. Na mwaka 1993 Jane McNeil na Elizabeth Warrington, huko London, wakaeleza kinyume chake: mwanamume aliyepigwa na kiharusi zaidi ya mara moja, asiweze tena kuwatambua watu, aliyejipatia kondoo 36 baada ya maradhi, akajifunza kuwapambanua hata akaweza kuzijua nyuso za kondoo kuliko alivyozijua za wanadamu. Huyu hakubaki na ustadi wa zamani. Aliuchuma ustadi mpya ilhali mlango wa nyuso za watu umekwisha kufungwa. Ongezeni hapo habari za mwanamume wa Kanada ambaye Morris Moscovitch na wenzake walizichapisha mwaka 1997. Ajali ya gari ilimwacha hajui vitu, wala hawezi kuyasoma maandishi yake mwenyewe, lakini nyuso alizijua kama mtu mwingine yeyote. Alionyeshwa michoro ya Arcimboldo, mchoraji wa Kitaliano wa karne ya 16 aliyekuwa akichora nyuso kwa kupanga matunda na mboga. Mtu huyo aliuona wajihi papo hapo, na matunda hakuyatambua.

Rai yangu mwenyewe, baada ya kuzipima hoja za pande zote mbili, ni kwamba wajihi una mahali pake tangu mwanzo, na mahali hapo hulelewa. Mtoto mchanga, saa chache tu baada ya kuzaliwa, hugeuza macho kufuata umbo lenye mpango wa wajihi kuliko umbo lililovurugwa. Hayo hakufundishwa na mtu. Lakini Olivier Pascalis na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba mtoto wa miezi 6 huweza kuwapambanua tumbili mmoja na mwingine kwa nyuso, na akifika miezi 9 uwezo huo humpotea, akabaki na nyuso za jinsi ya wale waliomzunguka. Malezi humnyang'anya mtoto alichokuwa nacho ili amzidishie kile atakachokihitaji. Na hayo ndiyo yaelezayo malalamiko ya kale ya kila kabila juu ya makabila ya mbali, kwamba watu wale wote wafanana. Roy Malpass na Jerome Kravitz walilipima jambo hilo nchini Marekani mwaka 1969, na tangu hapo limethibitishwa mara nyingi: mtu huzikumbuka vizuri zaidi nyuso za watu aliokulia kati yao. Si damu iamuayo, maana Wakorea walioasiliwa na jamaa za Ulaya tangu utotoni, wakakulia Ufaransa, walipopimwa ukubwani walizitambua nyuso za Kizungu vyema kuliko za Kiasia, sawa kabisa na Wafaransa wenyewe. Jicho ni mzaliwa wa lilipolelewa.

Nafika sasa penye jambo ambalo kwa ajili yake hasa nimeukubali mwaliko huu. Mwaka 2011, Rob Jenkins na wenzake huko Uingereza walichukua picha 40 za nyuso, wakawapa watu na kuwaomba wazipange mafungu mafungu, kila mtu na fungu lake. Ukweli ni kwamba picha zote zilikuwa za wanawake wawili tu, watu mashuhuri wa Uholanzi, kila mmoja picha 20 zilizopigwa siku mbalimbali. Waingereza wasiowajua waliona humo watu 7 au 8, na wengine hata zaidi ya 10. Waholanzi waliowajua walipanga mafungu mawili bila taabu. Tazameni kwamba kosa la Waingereza halikuwa kuwachanganya watu wawili. Lilikuwa kumgawa mtu mmoja akawa watu wengi. Tumjuaye tumemwona kwa jua la mchana na kwa taa, amenenepa na amekonda, amecheka na amenuna, na ubongo umejifunza mabadiliko yake yeye. Mgeni tunayo picha moja yake tu, pamoja na nuru ya saa ile na upande ule aliotuelekezea, wala hatuna njia ya kujua kipi ni chake na kipi ni cha nuru. Hata kazi ya miaka mingi haiondoi udhaifu huo. David White na wenzake waliwapima maofisa wa pasipoti wa Australia, ambao kazi yao ya kila siku ni kulinganisha mtu na picha yake, na mwaka 2014 wakaeleza kwamba maofisa hao waliipokea picha ya mtu mwingine mara 14 katika kila 100, wala waliokaa kazini muda mrefu hawakuwashinda waliokuja jana.

Mahakimu wetu waliyaona hayo kwa tajriba kabla hayajapimwa. Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, katika shauri la Abdullah bin Wendo la mwaka 1953, iliweka kanuni kwamba jambo laweza kuthibitika kwa shahidi mmoja, lakini kauli ya shahidi mmoja juu ya utambuzi yapasa kupimwa kwa hadhari kubwa kabisa, hasa hali ya kuona ikiwa ngumu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, ilitaja mambo yapasayo kuulizwa: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, katika nuru ya namna gani, na je, alipata kumjua kabla. Na Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika shauri la Anjononi, ilisema wazi kwamba kumtambua mtu uliyekuwa ukimjua ni ushahidi wa kutumainiwa kuliko kumtambua mgeni. Hayo yote yaafikiana na niliyowasimulia, nami nawaheshimu mabwana wale kwa kuyafikia kwa uzoefu wa kibinadamu tu. Ila nasema kwamba lile swali la mwisho katika orodha ya Waziri Amani halistahili kuwa la mwisho. Lastahili kuulizwa kwanza, kwa sababu nuru na umbali hukadiria jicho lilipata nini, na kumjua kabla hukadiria ubongo ulikuwa na nini cha kukilinganisha nacho. Shahidi aliyemwona mgeni kwa dakika nzima chini ya taa nzuri hajawa bado sawa na jirani aliyemwona jirani yake kwa nukta moja.

Wala asitokee mtu akatuambia kwamba mashine zitatuokoa, maana mashine nazo hulelewa. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu za makampuni makubwa zinazopambanua kwa picha mwanamume na mwanamke, kwa kutumia picha 1,270 za wabunge wa nchi tatu za Ulaya na tatu za Afrika, mojawapo ikiwa ni Rwanda. Kwa wanaume weupe hapana programu iliyokosea zaidi ya asilimia 0.8, lakini kwa wanawake weusi, iliyo mbaya kuliko zote ilikosea asilimia 34.7. Zilikuwa zimekuzwa kati ya nyuso za namna moja, nazo zikawa na ubovu ule ule wa mtoto wa miezi 9.

Basi nayaomba haya kwa wale wanaosimamia magwaride ya utambuzi katika vituo vyetu vya polisi. Ofisa anayeliongoza gwaride asiwe anamjua mshukiwa ni yupi, ili asije akamwashiria shahidi kwa jicho au kwa sauti pasipo kukusudia. Shahidi aambiwe mapema, kwa lugha aijuayo, kwamba huenda mtu yule hayumo kabisa katika safu, na kwamba kusema "simwoni" si kosa wala si aibu. Wasimamishwao pamoja na mshukiwa washabihiane na maelezo aliyoyatoa shahidi mwenyewe hapo mwanzo. Na pindi shahidi anyooshapo mkono wake juu ya bega la mtu, maneno yake yaandikwe papo hapo kama yalivyotoka kinywani, pamoja na kiasi cha yakini aliyo nayo, kabla hajaambiwa na yeyote kwamba amepatia. Kwa maana yakini ya shahidi huzidi kila asifiwapo, na ifikapo mahakamani, miezi mingi baadaye, hakimu hana tena njia ya kujua ilikuwa ya kiasi gani siku ile.